Bega la mtu wa chukudu lisiharakishwe

Hapa Goma, mtu akiteguka bega na likarudishwa mahali pake, tunamuuliza: bado unasikia maumivu? Akijibu hapana, anarudi kazini. Lakini maumivu huisha mbele ya nguvu kurudi. Mkono uliofungwa kitambaa wiki 2 ao 3 hulegea misuli, na kwa vijana bega lililotoka mara moja hutoka tena kwa urahisi.

Sasa mtu huyo ashike usukani wa chukudu yenye magunia ya viazi na makala, ateremke toka Kibumba! Sanamu tumemsimamishia mjini, miezi 3 ya kupona hatumpi.

Mazoezi yenyewe si ya gharama. Munganga akiruhusu, funga kipande cha mpira wa ndani wa tairi kwenye mlango, kiwiko kikae kwenye mbavu, vuta polepole kuelekea nje. Kisha sukuma ukuta. Kila siku. Kinachogharimu ni siku bila franga, na hapo ndipo wenye chukudu wanaweza kusaidia: wampe kazi ya kuhesabu magunia na kupokea malipo ya wateja mpaka munganga apime mikono yote miwili.