Kinyozi Hajinyoi: Tusomeane Misimbo Yetu

Kila msimu wa miradi hali ni ileile. Kikundi kina watu watano, msimbo anaandika mmoja, wanne wanasubiri siku ya kuwasilisha. Msimamizi akiuliza mstari fulani unafanya nini, wote wanamgeukia yule mmoja. Tunaiita kazi ya kikundi, lakini mimi naona ni kazi ya mtu mmoja yenye majina matano.

Dawa ipo, na haingoji boom litoke. Kwenye miradi mingi mikubwa ya programu huria, mwandishi haingizi badiliko lake hivihivi. Analituma, mwenzake analisoma, anauliza, anadai marekebisho, ndipo linapokelewa. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, inaendeshwa hivyo.

Wapo wanaosema msimbo ukishawekwa wazi, inatosha, wenye macho wataona. Jamani! Maktaba nayo iko wazi, lakini ni vitabu vingapi vinakula vumbi tu?

Chukua mfano wa OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Aprili 2014 ilitangazwa kuwa ina kosa lililopewa jina la Heartbleed. Badiliko lililoleta kosa hilo liliandikwa na mwanafunzi wa uzamivu, mkaguzi akalipitia, akalipitisha. Programu ilikuwa ikipokea neno pamoja na urefu wake, kisha inalirudisha, bila kuhakikisha kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Ukituma herufi chache na kudai ni maelfu, seva ilijazia pengo kwa chochote kilichokuwa karibu kwenye kumbukumbu yake, hata nywila za watu. Kosa hilo lilikuwa mikononi mwa watumiaji kwa zaidi ya miaka miwili.

Kwa hiyo ukaguzi wenyewe upo wa aina mbili: wa kugonga muhuri na wa kusoma kweli. Mimi nadai huo wa pili, na napendekeza kila kikundi kianze hivi.

Kwanza, badiliko liwe dogo. Mistari mia moja inasomeka jioni moja. Elfu tatu usiku wa kuamkia uwasilishaji hazisomwi na mtu. Pili, msomaji ajiulize: je, aliyetuma taarifa hii akidanganya, programu itafanya nini? Swali hilo lingeinasa Heartbleed. Tatu, kosoa msimbo, usimkosoe mtu. "Hapa sielewi" inatosha. "Hujui kitu wewe" inafukuza watu.

Najua jibu litakalokuja: muda hatuna. Lakini muda tunao wa kukesha siku mbili tukitafuta kosa ambalo mwenzako angeliona kwa dakika kumi, kwa sababu macho yake hayajalizoea.

Walimu nao wasaidie. Git inahifadhi nani kaandika nini na lini, na majukwaa ya kuhifadhia miradi yanatunza maoni ya kila msomaji. Basi maoni hayo yapewe alama. Baadhi yetu kesho tutagusa mifumo kama OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika Kenya na kwingineko. Huko kosa lililopitishwa kwa muhuri linaweza kumfikia mgonjwa. Tuanze kusomeana muhula huu, kabla ya miradi kukusanywa.