Kupro: nyumba ya likizo juu ya shamba la mtu aliyekimbia vita

Vijana wa Congo wenye kusoma kwenye vyuo vikuu vya kaskazini mwa kisiwa cha Kupro, kile ambacho wengi wanakiita Chypre, wanakutana kila siku na matangazo ya kufanana: nyumba nyeupe, pisini ya maji ya buluu, mlima nyuma, bahari ya Mediterania mbele. Bei inaandikwa kwa pauni za Uingereza, na mara nyingi mnunuzi anaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Matangazo hayo hayalengi wanafunzi. Yanalenga Mzungu aliyechoka na baridi ya kwao, mwenye kutafuta pa kupumzikia wakati wa likizo, na pengine pa kuzeekea.

Kaskazini mwa kisiwa bei iko chini kuliko kusini, na kuko sababu. Sehemu kubwa ya ardhi yenye kuuzwa pale ina wenyewe waliokimbia vita ya mwaka 1974. Hawakuuza, walikimbia. Mkaaji wa Masisi, Rutshuru, Kalehe ao Djugu hahitaji maelezo marefu ili kuelewa jambo hilo, na ndiyo maana yaliyowapata wanunuzi wa Kupro yanafaa kujulikana hapa pia.

Kisiwa kiligawanyika namna gani

Kupro ilipata uhuru mwaka 1960, mwaka mmoja na Congo. Wakaaji wengi ni Wagiriki wa Kupro, na walio wachache ni Waturuki wa Kupro. Kabla uhuru haujafikisha miaka minne, mapigano yalikuwa yameanza kati ya jamii hizo mbili. Toka mwaka 1964 askari wa Umoja wa Mataifa wako pale, na hata leo hawajaondoka.

Tarehe 15 Julai 1974, wanajeshi wenye kuungwa mkono na utawala wa kijeshi wa Ugiriki walipindua serikali ya Kupro. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likaingia, na mwishowe likashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki wa Kupro zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini. Makumi ya maelfu ya Waturuki wa Kupro nao walitoka kusini kwenda kaskazini. Kila upande uliacha nyumba, mizeituni na mashamba ya machungwa na malimau.

Mwaka 1983 kaskazini ilijitangaza kuwa nchi. Uturuki peke yake ndiyo inaitambua. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilisema tangazo hilo halina nguvu ya sheria. Lakini kaskazini iko na polisi, mahakama na ofisi ya ardhi vyake, na ofisi hiyo inatoa hati.

Hati zenye mihuri, lakini si za aina moja

Hapo ndipo mnunuzi anapotea. Kuko hati ya zamani, ya ardhi ambayo kabla ya 1974 ilikuwa tayari ya Mturuki wa Kupro ao ya mgeni. Hiyo haina ugomvi mkubwa. Kuko hati ya mabadilishano: Mturuki wa Kupro aliyeacha nyumba yake kusini alipewa ya Mgiriki kaskazini. Na kuko ardhi iliyogawiwa tu na utawala wa kaskazini, kwa mfano kwa watu waliotoka Uturuki kuja kukaa kisiwani.

Aina hizo mbili za mwisho ndizo zenye bei rahisi. Komisioneri anasema hati zote ni sawa, ofisi imetia muhuri, majirani wamenunua na hakuna aliyesumbuliwa. Jambo ambalo halisemi ni kwamba kusini, kwenye vitabu vya kadastri vya Jamhuri ya Kupro, shamba lile lile bado liko kwa jina la yule aliyekimbia.

Kwa mali ya Waturuki iliyobaki kusini, serikali ya huko ilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1991 iliiweka chini ya ulinzi wa waziri wa mambo ya ndani. Wakimbizi wengi wanakaa ndani ya nyumba hizo, lakini jina la mwenyewe halifutwi.

Vila ya Lapithos

Mwaka 2002 mume na bibi yake, Waingereza, walinunua kiwanja pale Lapithos, pwani ya kaskazini. Walijenga vila ya kupumzikia, na pisini pembeni. Aprili 2003 vizuizi vilifunguliwa, na kwa mara ya kwanza toka miaka karibu 30 watu waliweza kuvuka upande wa pili. Mwenye kiwanja, arshitekti Mgiriki wa Kupro ambaye familia yake ilikimbia 1974, alikuta vila imesimama kwenye ardhi yao.

Alishitaki Nicosia, upande wa kusini. Novemba 2004 tribinali iliamuru vila ibomolewe, kiwanja kirudishwe na malipo yatolewe. Shida ilikuwa moja: polisi ya kusini haifiki Lapithos. Hukumu ingebaki kwenye karatasi.

Lakini Kupro ilikuwa imeingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, na ndani ya Umoja huo hukumu ya nchi moja inatambuliwa na nchi nyingine. Avoka wa arshitekti alipeleka hukumu Uingereza, kule ambako mume na bibi walikuwa na nyumba yao ya kweli. Walishinda mara ya kwanza mbele ya jaji wa London mwaka 2006. Kisha Aprili 2009 Mahakama ya Ulaya ya Luxembourg, kwenye kesi namba C-420/07, ilisema kwamba Uingereza haiwezi kukataa kuitambua hukumu hiyo eti kwa sababu ardhi iko mahali ambapo serikali haitawali. Januari 2010 mahakama ya rufaa ya London ikafunga mjadala. Nyumba ya likizo ilitia hatarini nyumba yao ya Uingereza.

Mwaka 2006 Jamhuri ya Kupro iliongeza sheria ya jinai: mtu mwenye kuuza, kununua ao kutangaza ardhi bila ruhusa ya mwenyewe aliyeandikishwa anaweza kufungwa hadi miaka saba. Miaka ya karibuni wageni wamekamatwa na kuhukumiwa kwa biashara hiyo.

Muda nao unahesabiwa

Ingekuwa uongo kusema kwamba kila aliyekimbia anarudishiwa mali yake. Kaskazini iliunda tume ya mali mwaka 2005. Tume inaweza kurudisha ardhi, kuibadilisha kwa nyingine ao kulipa pesa. Wengi waliokubaliwa walipewa pesa, wachache sana walirudi nyumbani. Na Machi 2010, wiki chache baada ya hukumu ya London, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ilisema tume hiyo ni njia halali. Iliongeza kwamba baada ya miaka 35, kumtoa kwa nguvu kila mwenye kukaa ndani kunaweza kuleta dhuluma mpya.

Kwa hiyo haki ya aliyekimbia haikufa, lakini miaka ilibadilisha sura yake. Mahali ambapo alitaka mlango wake, anapewa hundi.

Na hapa mashariki?

Arshitekti wa Lapithos alikuwa na kitu kimoja ambacho wakulima wengi wa mashariki mwa Congo hawana: jina kwenye kadastri toka kabla ya vita. Sheria ya ardhi ya Congo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi ni ya Serikali na haki ya mtu inaonyeshwa na sertifika ya uandikishaji. Kwa mashamba ya kimila, kifungu 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wakaaji. Amri hiyo haikutoka. Mtu akikimbia kijiji, mara nyingi karatasi zake ni kumbukumbu za majirani na mti uliopandwa mpakani.

Ndiyo maana aliyekimbia afadhali achunge kila alama: barua ya chefu, risiti ya malipo ya shamba, picha ya nyumba, majina ya waliokuwa wanapakana naye. Mambo hayo yaandikwe sasa, mashahidi wakiwa bado hai. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, unataka serikali zilinde mali iliyoachwa na wakimbizi wa ndani, lakini anayelinda anahitaji kujua ni mali ya nani.

Na yule mwenye kuonyeshwa parsele ya bei rahisi mahali ambapo watu walikimbia, asiishie kuangalia muhuri. Aulize majirani nani alikuwa analima pale kabla ya vita, kama aliuza kwa hiari yake, na leo anapatikana wapi. Wale Waingereza wa Lapithos walikuwa na hati yenye muhuri. Mwenyewe alikuwa anakaa upande wa pili wa kisiwa hicho hicho.