Mzee Anaposahau, Tusimsahau



Mwadhini wetu wa zamani hapa Ngenge alilazwa hospitalini kwa homa. Usiku wa manane aliinuka kitandani akitaka kuadhini Alfajiri. Muuguzi alimdhania mkorofi. Mwanawe, kwa kuona haya, akamkemea mbele ya wagonjwa. Hakuna aliyekuwa amemweleza daktari kwamba kwa miaka miwili mzee alikuwa akisahau hata majina ya wajukuu wake.

Ndugu zangu, huo si ukorofi wala uchawi. Ni maradhi ya ubongo. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wanayo.

Basi tumpelekapo mzee hospitali, tumwambie daktari usahaulifu ulianza lini. Ukizidi ghafla ndani ya siku chache, huenda chanzo ni homa au upungufu wa maji, na hayo hutibika. Akae naye mtu anayemjua, amsemeze Kihaya, amvishe miwani yake, amkumbushe kwa upole mahali alipo.

Aliyeondokewa na akili, kalamu imeinuliwa juu yake. Sisi wenye akili ingali inatuandika. Surat Al-Israa, aya ya 23, imetukataza hata kuwaguna wazazi waliofikia uzee. Sembuse kuwakemea?

Mwenyezi Mungu atujaalie subira ile waliyotulea nayo tulipokuwa hatujui kitu. Amin.