KARANI WA BENKI NAYE NI MFANYI KAZI



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja alisimama akasema tusipoteze wakati kwa shida za makarani wa benki, maana hao ni watu wa tai, hukaa kitini chini ya feni, na mikono yao haijui grisi. Wengi walicheka. Sisi tunaoandika haya tulicheka pia, na tulikosa.

Mlango wa benki nyingi hufungwa saa kumi jioni, na mtu aliye nje hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Ndipo keshia anapoanza kuhesabu fedha zote za siku na kuzilinganisha na hesabu iliyo katika kompyuta. Zikilingana, vema. Zikipungua shilingi mia tano, atakaa hapo akizitafuta, na zisipoonekana yamkini atazilipa yeye. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inampa mwajiri ruhusa ya kukata mshahara wa mtu aliyekabidhiwa fedha, ikiwa zimepungua kwa uzembe wake au kwa wizi wake. Haya, tunauliza: mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, akala mchana kwa dakika kumi, akakosea kuhesabu saa moja usiku, huyo ni mzembe au amechoka? Sisi wa reli tunajua tofauti. Dereva wa gari la moshi akisinzia katika zamu ya pili, haifai kuulizwa yeye peke yake. Aulizwe na yule aliyemwandikia zamu hiyo.

Tena kuna tageti. Karani hupewa idadi ya akaunti za kufungua na mikopo ya kuuza kila mwezi. Basi Jumapili, siku ya kupumzika, yeye anamfuata shemeji yake na mwalimu wa watoto wake awaombe wafungue akaunti. Jirani yetu mmoja, jamaa zake humkwepa arusini. Usiku simu inalia, meneja anataka hesabu katika kundi la WhatsApp. Hizo ni saa za kazi, na haziandikwi mahali popote.

Mabwana wakubwa watajibu kwamba wanalipwa vizuri. Mshahara hununua saa zilizo katika mkataba. Usiku wa mtu na watoto wake haumo. Na kwa nini hawaachi kazi? Wengi wamekopa kwa benki hiyo hiyo pesa za nyumba, kwa riba nafuu ya watumishi, na mara nyingi mtu akitoka riba hupanda. Huo ni mnyororo, hata ukipakwa rangi.

Kifungu cha 27 kinampa kila mfanyi kazi siku moja ya kupumzika katika siku saba. Huko Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye watu 50 au zaidi zizungumze na wafanyi kazi juu ya haki ya kutojibu simu baada ya kazi. Hapa kwetu mswada wa haki hiyo uliletwa katika Seneti mwaka 2021.

Kweli, wengine wa makarani hao hutudharau. Hayo tutazungumza nao siku nyingine. Lakini Mombasa, Januari 1947, watu wa bandari, wa reli na wa mahoteli waligoma pamoja, na hakuna aliyekagua mikono ya mwenzake kwanza.

Kwa hiyo mkutano ujao tutaleta hoja kwamba tawi liandikie chama cha wafanyi kazi wa benki, kuwaunga mkono katika mambo matatu: saa za kufunga hesabu ziandikwe na zilipwe, fedha zikipungua, mshahara usikatwe kabla uzembe haujathibitishwa mbele ya mjumbe wa chama, na simu ya usiku isiwe amri. Ndugu aliyetuchekesha, tunakuomba wewe uwe wa kwanza kuiunga mkono.