Risasi iliyosafirishwa na risasi iliyobaki

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Mamlaka ya Maeneo ya Kuzalisha Bidhaa za Kuuza Nje (EPZA),
Athi River.

KUH: LESENI ZA KUYEYUSHA BETRI

Nakuandikia kuhusu Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa mnaoujua vyema, kwani Mamlaka yenu ilikuwa miongoni mwa wadaiwa katika kesi yake. Mwaka 2007 kilifunguliwa pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, mazao yake yakiwa ya soko la nje. Risasi safi ilipakiwa ikaenda zake. Moshi, vumbi na maji machafu vilibaki na watu wapatao 3,000.

Madini ya risasi hayana kiwango salama mwilini. Mtoto huyafyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, nayo hujificha mifupani miaka mingi. Binti aliyeyameza pamoja na vumbi la uani anaweza kuja kubeba mimba, yakatoka mifupani, yakarudi damuni na kumfikia mwanawe tumboni. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga alipopimwa, risasi ikapatikana katika damu yake. Hakunyamaza tena. Kiwanda kilifungwa 2014. Katika kesi ile, mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikatengua 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa amefika miaka 17.

Siombi biashara ifungwe. Sisi wa Mombasa tunakula kwa bandari. Lakini mnunuzi wa ng'ambo alilipa bei pungufu, na kilichopungua kililipwa na watoto wa Owino Uhuru. Mtu anayetaka leseni ya kuyeyusha risasi apimiwe kwanza udongo, visima na damu za watoto wa jirani, kwa gharama yake. Vipimo virudiwe kila miezi sita, matokeo yabandikwe kwa chifu, kwa Kiswahili. Vikipanda, kontena lisitoke. Na kabla ya tani ya kwanza kusafirishwa, aweke amana ya kusafishia udongo, maana kampuni huweza kufungasha virago usiku mmoja na udongo hauna pa kwenda.

Nasubiri jibu lenu. Nakala ya kwanza mwibandike Owino Uhuru, kisha mnitumie mimi.

Mkazi wa Mombasa