Pikipiki ya Marehemu



Juma lililopita ukurasa huu haukutoka, kwani tulikuwa safarini Homa Bay kumtazama dada yetu mdogo, aliyefiwa na mumewe mwaka jana. Tuliyoyakuta huko yanahusu pikipiki, na huenda mama mmoja akacheka, "Sheikh naye kaingia gereji!" Tunamwomba astahamili. Siku hizi mitaa mingi ina kijana anayetamani kuifufua pikipiki kuukuu iliyolala uani, na gharama ya kujifunza kwake aghalabu hutoka katika kibeti cha mama.

Marehemu shemeji yetu aliacha Honda CG 125, aliyokuwa akiipakia leso na kanzu hadi masoko ya Rongo, Awendo na Migori. Aina hiyo ilianza kuundwa katikati ya miaka ya 1970, na waundaji wake Wajapani walizikusudia nchi kama zetu, ambako mwenye chombo huchelewa kubadilisha mafuta ya injini na husahau kusafisha chujio la hewa. Wakaipa injini isiyo na mambo mengi na mnyororo uliofunikwa usiingiwe na vumbi. Waliihami na uzembe. Bidii ya asiyejua hawakuihami nayo.

Mpwa wetu ana miaka 19. Mamake alipopata zamu yake ya chama, alimkabidhi fedha aitengeneze pikipiki ya babake, apate kubeba abiria na kusaidia karo ya dada zake wawili. Kijana akaanza na rangi. Akanunua rangi nyekundu, kiti kipya, vioo viwili vya kumeremeta na bomba la moshi lenye kishindo. Fedha zilipobaki kidogo ndipo alipoifungua injini, kwenye uwanja wa nyumba, na kila skrubu akaitia katika sufuria moja. (Sufuria hiyo ilikuwa ya wali, na dada yetu hajalisahau hilo.) Mvua zikanyesha, siku zikapita, na alipoifunga tena zilimbaki skrubu saba asizojua mahali pake.

Skrubu za kifuniko cha injini hazilingani urefu. Ndefu ikitiwa katika tundu fupi hugota chini kabla ya kubana, na anayezidi kuikaza hupasua kasha. Tena kasha hilo ni la alumini, ambayo ni laini kuliko chuma. Mpwa wetu aliikaza nati ya kumwagia mafuta kwa nguvu zake zote akidhani ndiyo amana, meno ya tundu yakaliwa, na mafuta yakawa yanadondoka usiku kucha.

Ikaja zamu ya kabureta. Pikipiki ilikataa kuwaka, naye akavichokoa kwa waya vile vitundu vyembamba vya kupitishia petroli. Vitundu hivyo vimetobolewa kwa kipimo, na waya huvipanua. Tangu hapo injini ikawa inakunywa petroli kupita kiasi, plagi nyeusi tititi, moshi mweusi nyuma. Ajabu ni kwamba kabureta haikuwa na kosa. Tangi lilikuwa na kutu ndani, na kila alipoisafisha kabureta, kutu ilishuka upya. Aliisafisha mara tatu bila kutazama ndani ya tangi.

Haya yote ni hasara ya mali, na mali hurudi. Lililotupandisha basi kutoka Mombasa ni jingine.

Asubuhi moja alimpakia dada yake wa miaka tisa kumpeleka chuoni. Kwenye mteremko wa kuelekea ziwani akakanyaga breki, na breki haikushika. Waliangukia mtaroni. Yeye alichubuka magoti. Binti alivunjika mkono.

Tuliichukua pikipiki juu ya gari la mizigo hadi Migori, kwa fundi mzee aliyekuwa akimtengenezea marehemu. Aliifungua gurudumu la nyuma, akatuita tutazame. Viatu vya breki, vile vipande viwili vilivyopinda mfano wa mwezi mchanga, vilikuwa vimelowa grisi.

"Nani alitia grisi hapa?" akauliza.

"Ni mimi, mzee," akajibu mpwa wetu. "Breki ilikuwa inalia."

Fundi hakumkemea. Alimweleza kwamba kile kidude kinachovisukuma viatu hupakwa grisi chembe tu, kiasi cha ncha ya kidole, kwa kuwa inayozidi huyeyuka kwa joto na kuenea mahali panapotakiwa kubana. Viatu vikishanyonya grisi havifai tena. Akamwuliza vumbi la ndani alilitoaje. Kijana akasema alilipuliza kwa mdomo. Hapo mzee alikunja uso, maana viatu vya zamani huenda vikawa na asbesto, na vumbi lake ni adui wa mapafu. Hufutwa kwa kitambaa kibichi, tena mbali na watoto.

Kisha akatuonyesha tairi la nyuma. Lilikuwa na meno mengi, likaonekana zima. Ubavuni lilikuwa na tarakimu nne, 2309, yaani juma la 23 la mwaka 2009, na mpira wake ulikuwa na nyufa nyembamba kama udongo mkavu. Mama yeyote anaweza kuzisoma tarakimu hizo bila ya spana, kabla hajamruhusu mwana kupakia mtu.

Tulirudi Homa Bay tukakaa na dada yetu na mwanawe. Tulimuuliza kijana, pikipiki hii ni ya nani? Akasema, "Ni ya baba, mjomba." Tukamwambia kwamba babake hamiliki tena kitu hapa duniani. Madeni yakishalipwa, na wasia kama upo, thumni ni ya mjane, na kilichobaki ni cha watoto, mwana wa kiume kwa sehemu ya mabinti wawili. Mirathi ilikuwa haijagawanywa. Kila skrubu iliyopotea ilikuwa na sehemu ya yule binti aliyekuwa ameketi mlangoni, mkono wake umefungwa plasta. Kijana aliinamisha kichwa, nasi hatukuongeza neno.

Jambo dogo tulilichukua mkononi kabla ya kuondoka: chupa ya soda yenye petroli ya kuoshea vyuma, iliyokuwa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye jiko la makaa. Kinamama, tafadhali tazameni jikoni mwenu leo hii.

Dada yetu ameridhia pikipiki isiuzwe, na ibaki Migori hadi viatu, tairi na tangi vishughulikiwe kwanza. Mpwa wetu huenda huko kila Jumamosi. Juzi alitutumia picha kwa simu: kipande cha boksi alichokichora umbo la kifuniko cha injini, na kila skrubu imechomekwa mahali pake. Plasta ya binti inatolewa juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.