Moto Haungoji Gari

Juzi niliandikisha jina langu katika kikosi cha majirani wa kujitolea kuzima moto, hapa Muyeye. Wenzangu barazani walicheka: "Mzee mzima na ndoo!"

Wamesahau tulikotoka. Agosti 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walipoitia moto Mombasa, makuti yaliupeleka nyumba hadi nyumba. Mfalme wa mji ule akamwandikia hata hasimu wake, mfalme wa Malindi, kumweleza msiba. Makuti hayo hayo bado twaezekea, na kaskazi ikivuma huwa makavu kama baruti.

Ni kweli, Katiba ya 2010 imeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto, wala hatuiondolei dhamana hiyo. Lakini gari lina mwendo wake. Dakika za mwanzo ni za jirani: kutoa watu, kumwaga mchanga, kuezua paa la pili ili moto ukose njia.

Kumwokoa aliye motoni ni fardhi kifaya. Wakisimama wachache, mtaa mzima umesalimika. Asiposimama mtu, sote tuna dhambi. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji, akiunguliwa, mpelekee.